Nguo za kila siku kwa mwanamke aliyevuka miaka 45: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwenye meza ya kukatia hapa Dar es Salaam, na kwenye simu za wateja wa mikoani. Mengine huulizwa na mabinti wanaowanunulia mama zao nguo. Tumeanza na ya msingi, hali za kipekee ziko mwishoni. Jibu likiwa limeshatolewa kwenye swali jingine, utapewa namba yake.

## Mwili na kabati

1. Mizani inasoma kilo zile zile. Mbona nguo zangu zote zimeanza kunikataa?

Uzito ni ule ule ila umehama. Kuelekea ukomo wa hedhi, ambao kwa wanawake wengi hufika kati ya miaka 45 na 55, mafuta yaliyozoea kukaa kwenye hipsi na mapaja huanza kujikusanya tumboni. Kiuno kinapanuka, makalio yanaweza hata kupungua. Matiti hulainika na kushuka, kwa hiyo sehemu pana ya kifua sasa iko chini ya pale fundi wako wa zamani alipoiwekea nafasi. Uti wa mgongo nao hupungua urefu kidogo kidogo, na gauni lililokuwa likiishia juu ya kifundo cha mguu linaanza kufagia sakafu.

Vipimo ulivyoandikiwa miaka kumi iliyopita havina kazi tena. Pima upya kabla hujanunua chochote (swali la 9).

2. Kuna nguo ambazo mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuvaa?

Hakuna. Jinzi kwa mama wa miaka 60 ni sawa kabisa, ilimradi kiuno chake kifike karibu na kitovu na asilazimike kuvuta blauzi kila akiinama. Mipaka ya dini, ya ukweni na ya kazini unaijua mwenyewe, na haikuanza siku ulipofikisha 50.

Ninachokipinga ni mtu kujivika uzee kabla ya wakati: anachagua gauni linalomzidi namba mbili, rangi ya vumbi, eti ndiyo heshima. Nguo kubwa mno humwongezea mtu miaka na kilo kwa pamoja.

3. Sina hela ya kubadilisha kabati zima. Nianze na nini?

Anza na sidiria (swali la 14), maana sidiria mbovu huharibu hata gauni zuri. Kisha toa nguo zote, ujaribu moja moja mbele ya kioo, na uangalie kitu kimoja tu: bega. Mshono wa bega unatakiwa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Ukining'inia kwenye mkono au ukipanda kuelekea shingoni, nguo hiyo haitakukaa hata ufanyeje, na kuirekebisha ni karibu sawa na kushona upya. Bega likiwa sawa, mengine yote yana dawa: kiuno kinaachiwa, pindo linapandishwa, mkono unakatwa, ubavu unaongezwa kipande.

Zilizopita mtihani wa bega mpelekee fundi. Utashangaa ni ngapi zinarudi kazini kwa gharama ndogo kuliko gauni moja jipya. Zilizoshindwa, gawa, usiziweke eti utapungua.

4. Dera si linatosha? Halibani popote.

Dera ni nguo nzuri na sitamsema vibaya anayelivaa. Lina hewa, unalivaa kwa sekunde, na ukitoka na mtandio mzuri umependeza. Lakini lina kasoro tatu ambazo umri unazikuza.

Ya kwanza ni urefu. Madera mengi ya dukani hukatwa marefu ili yamfae kila mtu, na mama anayepanda ngazi na ndoo mkononi hukanyaga pindo lake. Baada ya ukomo wa hedhi mifupa hupungua uimara, na anguko ambalo zamani lingekuachia mchubuko linaweza kuvunja nyonga. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Na kama unapanda bodaboda, likusanye ulikalie kabla pikipiki haijaondoka, kwani likiingia kwenye mnyororo au tairi linakuvuta chini.

Ya pili ni bega. Dera halina bega, kwa hiyo kitambaa kinaanguka kutoka kifuani moja kwa moja na mwenye kifua kikubwa anaonekana mpana pande zote. Mwambie fundi apitishe kamba au mpira mwembamba chini ya matiti, kwa ndani. Ni kazi ndogo, na umbo linarudi.

Ya tatu ni kitambaa, na hiyo iko kwenye swali la 5 na la 6.

## Kitambaa, joto na rangi

5. Nashikwa na joto la ghafla, natoka jasho hadi nguo inaganda mgongoni. Nivae nini?

Pamba nyepesi, kitani ukikimudu, au viskosi, ile ya madera laini yanayotiririka. Vyote vinanyonya jasho. Poliesta hainyonyi, jasho linabaki juu ya ngozi.

Wengi wanasahau bitana, kile kitambaa cha ndani ya gauni. Mteja ananunua kitenge cha pamba safi, fundi anakitia bitana ya poliesta ili "likae vizuri", na joto linabaki pale pale. Kwa gauni la kila siku omba lisitiwe bitana kabisa. Kama kitambaa kinaonyesha, vaa gagulo la pamba chini, unalolifua peke yake.

Shingo iwe na upenyo: shingo ya V au duara pana, au vifungo vya mbele unavyoweza kufungua viwili joto likija. Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili ya juu uivue kwenye daladala bila aibu. Usiku lala na khanga ya pamba, na nyingine iwe kando ya kitanda ya kubadilisha. Kama jasho linakukatisha usingizi kila siku, mwone daktari, yapo matibabu.

6. Muuzaji anasema ni pamba asilimia mia. Nitajuaje?

Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, uuchome juu ya sahani ya bati. Pamba inaungua haraka, inanuka kama karatasi iliyochomwa na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ikifanya vyote viwili, ni mchanganyiko. Viskosi nayo huungua kama pamba. Utaitambua kwa uzito wake na jinsi inavyoteleza mkononi.

Sokoni ambako huwezi kuwasha kiberiti, kunja kitambaa ngumini kwa nguvu kisha kiachie. Pamba inabaki na makunyanzi. Kisichokunyanzika hata kidogo kina poliesta nyingi ndani yake, na wewe wa swali la 5 kiache hapo hapo.

7. Kitenge chenye maua makubwa kinaninenepesha?

Maua hayanenepeshi. Kinachoharibu ni pale yanapoangukia, na hilo ni suala la mkasi.

Tandaza kitenge mezani kabla hakijakatwa. Kama kina duara la ukubwa wa sahani linalojirudia, fundi mwenye haraka atakikunja mara mbili na kukata, na duara litakaa litakapo: moja juu ya kila titi, au moja katikati ya tumbo. Ukishaliona hilo kwa mtu barabarani, hutaacha kuliona tena. Fundi makini huweka kipande cha mbele peke yake, anakisogeza juu na chini mpaka duara liangukie begani, au pembeni ya kiuno, au chini ya goti. Mstari wa katikati ya pambo hulinganishwa na mstari wa katikati ya mwili, la sivyo gauni linaonekana limepinda hata kama limeshonwa sawa.

Kazi hiyo hula kitambaa. Kwa mtindo ambao fundi alikuambia yadi 4 zinatosha, nunua lile pande la yadi 6, karibu mita 5 na nusu. Kinachobaki kinatoa kilemba.

Maua madogo yaliyosambaa hayana usumbufu huo, na yanaficha madoa ya jikoni. Khanga nayo ina tabia yake: pindo na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, haviwezi kuhamishwa, kwa hiyo panga kabla ya kukata kama pindo litakuwa chini ya gauni au ubavuni, na kama jina litasomeka mgongoni au litafichwa ndani. Chagua maneno kwa uangalifu kama gauni utalivaa ukweni.

8. Mvi zimejaa kichwani. Rangi zangu za zamani sasa zinanififisha. Nifanyeje?

Angalia rangi iliyo karibu na uso tu, chini vaa upendacho. Simama dirishani mchana, siyo chini ya taa, weka mtandio mmoja mmoja shingoni. Rangi ikikufanya uonekane hujalala, ihamishie kwenye sketi.

Kwa wateja wangu wenye mvi, bluu iliyokolea, zambarau ya damu ya mzee, kijani cha chupa na machungwa ya binzari huwapendeza zaidi kuliko kijivu na kahawia hafifu. Hilo ni jicho langu, kioo chako kina neno la mwisho. Nyeusi tupu kutoka shingoni hadi miguuni ni ngumu kwa wengi. Anayevaa baibui au abaya jeusi kila siku ushungi wenye rangi humtosha.

## Kwa fundi

9. Nihakikishe fundi amechukua vipimo gani?

Fundi wengi huchukua kifua, kiuno, hipsi, bega na urefu. Kwa mwili uliobadilika hivyo havitoshi. Mwombe aongeze hivi:

- kutoka bega hadi ncha ya titi, ili dati za kifua (mikunjo inayoshonwa kuyapa matiti nafasi) zielekee panapotakiwa;
- mzunguko wa tumbo mahali linapotokeza zaidi, ambapo mara nyingi si kiunoni;
- mzunguko wa mkono juu, sehemu nene;
- urefu wa mbele na wa nyuma, kila mmoja peke yake (swali la 10);
- hipsi ukiwa umekaa.

Hicho cha mwisho huchekwa sana, lakini mwili ukikaa unatanuka, na gauni lililopimwa wima tu ndilo linalopasuka kwenye kiti cha kanisani. Nenda kupimwa na sidiria utakayoivaa na gauni hilo, simama kama unavyosimama siku zote, usivute tumbo ndani. Ukimdanganya fundi kwenye futi utalipa mara mbili.

Kwa gauni la pamba lisilovutika, nafasi ya inchi 3 hadi 4 zaidi ya kipimo cha kifua inatosha kupumua na kuinua mkono. Mwombe aache inchi moja ya akiba ndani ya mishono ya ubavuni, asiikate kwenye oveloki, ile mashine ya kumalizia kingo. Ukiongezeka mwakani, gauni linaachiwa.

10. Gauni likiwa kwenye henga limenyooka, nikilivaa linapanda upande mmoja. Nani mwenye kosa?

Mara nyingi vipimo ndivyo vyenye kosa. Likipanda mbele, tumbo au kifua kimekula urefu: kitambaa kimezunguka mlima kabla ya kushuka. Kipande cha mbele kilitakiwa kikatwe kirefu kuliko cha nyuma, na kukata pindo la nyuma ili zilingane ni kuponya jeraha kwa jeraha.

Likipanda nyuma na shingo ikikuvuta koo, mgongo wa juu umeinama kidogo, jambo la kawaida kadiri miaka inavyokwenda. Nyuma ndiyo inayohitaji urefu, na shingo ya mbele ishushwe kidogo.

Vyovyote iwavyo, pindo lipimwe gauni likiwa mwilini, ukiwa na viatu, fundi akipima kutoka sakafuni kwenda juu. Anayepinda gauni juu ya meza anabahatisha.

11. Nataka kuficha tumbo. Mshono gani?

Usibane pale tumbo linapoanzia na usimwage kitambaa chote juu yake. Mistari mitatu inayofanya kazi: mshono chini ya matiti kisha gauni linaachia taratibu, vipande virefu vilivyounganishwa kutoka kifuani hadi chini, au koti jepesi refu, wazi mbele, juu ya gauni lililonyooka.

Peplamu, ile rinda fupi inayoshonwa kiunoni mwa blauzi au gauni, ikiishia juu ya tumbo iogope, ni kama rafu iliyotundikwa hapo makusudi. Marinda mengi kiunoni vivyo hivyo. Sketi ya solo ni nzuri kwa mwenye kiuno, lakini iwe na mkanda bapa mbele na mpira nyuma tu. Mpira uwe mpana, inchi moja au zaidi, mwembamba unakata ngozi na kugawa tumbo mara mbili.

12. Sipendi mikono yangu ya juu. Nivae mikono mirefu kwenye joto hili?

Hapana. Robo tatu, inayoishia kati ya kiwiko na kiganja, inafunika na kupitisha hewa. Usiache mkono uishie pale pale mkono wako ulipo mnene zaidi, jicho linasimama hapo. Kwapa likatwe juu na siyo chini sana. Watu hudhani kwapa kubwa lina uhuru, kumbe ndilo linaloinua gauni zima ukishika bomba la daladala.

13. Nataka mshono kama wa Mama Samia. Unanifaa?

Ombi hili lipo tangu 2021. Rais Samia, aliyezaliwa 1960, mara nyingi huonekana na gauni refu lisilobana, au gauni na koti refu juu yake, na ushungi. Mtindo huo unawafaa wengi kwa sababu ya koti: linashika begani na kushuka wima pande mbili, na jicho linafuata mstari wa juu hadi chini.

Kwa ofisi yenye kiyoyozi, krepe yenye uzito inapendeza. Kwa Kariakoo saa saba mchana, shona koti la pamba lisilo na bitana, mikono robo tatu, na uombe mifuko kwenye mishono ya ubavuni, mkono ufike bila kuinama. Fundi wengi hawaweki mfuko mpaka uombe, ndiyo maana nusu ya wanawake wa mji huu wanatunza simu na hela kwenye sidiria.

## Ndani na miguuni

14. Sidiria yangu inapanda mgongoni na mikanda inanikata mabega. Ninunue kubwa zaidi?

Yawezekana unahitaji namba ndogo yenye herufi kubwa. Matiti yakiongezeka wengi huhama kutoka 38 kwenda 40, kwenda 42. Namba hiyo ni mzunguko wa kifua chini ya matiti, na huenda huo haujabadilika. Mkanda huo wa kuzunguka kifua ukiwa mkubwa haushiki, unapanda nyuma, na uzito wote unaangukia mabegani.

Pima kwa inchi chini ya matiti, futi ikikaza kiasi, kisha pima juu ya matiti panapotokeza, futi ikiwa legevu. Tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Mfano: chini 38, juu 41, wewe ni 38C. Kikombe cha 38C na cha 40B vina ujazo mmoja, kwa hiyo ukikosa moja jaribu nyingine, ila mkanda ndio utakaotofautiana.

Ikiwa mpya, funga kwenye ndoano za nje kabisa. Ikilegea baada ya miezi unaingia za ndani. Ukiinunua ikiwa inakaa kwenye ndoano ya ndani kabisa, imekwisha kabla hujaanza.

15. Mkanda wa kubana tumbo ni mbaya?

Kwa harusi ya saa chache, sawa. Kwa kila siku sipendekezi: unaongeza joto, unakera tumbo lenye kiungulia, na nyama inayobanwa huhamia mgongoni. Skintaiti ya pamba yenye kiuno cha juu inatosha, na inazuia mapaja kuchubuana.

16. Viatu vyangu vimekuwa vidogo. Mguu unakua hadi uzeeni?

Mifupa haikui, ila kano zinalegea na mguu unatanuka na kurefuka kidogo. Nunua viatu jioni mguu ukiwa umevimba kiasi, pima miguu yote miwili, na uchague kwa ule mkubwa. Ndala zinazochomoka ni za bafuni. Kwa mwendo, makubazi yenye kamba ya nyuma ni salama zaidi.

Mwenye kisukari asitembee peku, na apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, kwa kuwa mguu uliopungua hisia hautamwambia kuna kijiwe.

## Mitumba

17. Lebo zinanichanganya. Kumi na nne ya wapi?

Namba 14 ya Uingereza ni kama 10 ya Marekani na 42 ya Ulaya. Huo ni mwongozo tu; kila kampuni ina 14 yake, na nguo iliyofuliwa mara nyingi imeshasinyaa. Beba futi. Pima gauni unalolipenda nyumbani likiwa limelazwa, kwapa hadi kwapa, andika, kisha linganisha kwenye soko lako la mitumba, iwe Karume, Memorial, Gikomba au Kongowea.

Ule ujanja wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni haukufai tena. Unategemea kiuno kiwe mara mbili ya shingo, na tumbo likiongezeka hesabu hiyo imekufa. Nenda umevaa skintaiti na singilendi, ujaribu juu yake.

18. Kasoro gani zinarekebishika, zipi niache?

Zinarekebishika: pindo, zipu, vifungo, mpira uliolegea, kiuno kipana. Acha: bega lisilokaa (swali la 3), kwapa lenye rangi iliyokwisha au harufu inayorudi ukiipasha kwa kiganja, na kitambaa kinachovutika kisichorudi. Ishike juani, ukiona nyuzi zimepungua makalioni, itapasuka.

## Hali za kipekee

19. Kamati imechagua sare yenye mshono mmoja, wa kubana. Nikatae?

Kitambaa ndicho sare. Chukua kitambaa, shona unavyotaka, na uwaambie mapema. Ukitaka kuwafuata, bakiza shingo na mikono yao, uachie kuanzia kifuani kwenda chini. Kwenye picha ya pamoja hakuna atakayegundua.

20. Vidole na mabega vinauma, siwezi kufunga zipu ya mgongoni.

Hamisha ufunguzi uje mbele, na siyo ubavuni kama wengi wanavyoshauri, kwani ubavuni bado unakunja mkono. Vifungo viwe vikubwa na bapa, au vifungo vya pambo vikiwa juu na velkro (utepe wa kunatana) ndani yake. Kwenye zipu ya zamani funga utepe mfupi wa kuvutia. Sidiria ya kufungia mbele ipo, hata sokoni.

21. Niliondolewa titi moja. Nguo zinainama upande mmoja.

Kovu likishapona na daktari akiridhia, fundi anaweza kushona mfuko wa pamba ndani ya kikombe cha sidiria, na kuweka humo kifuko kilichojaa ulezi kwa uzito unaokaribia titi lililobaki. Kabla ya kufua unakitoa. Uzito una maana kuliko umbo, ndio unaozuia sidiria kupanda. Mkono wa upande huo ukiwa unavimba, usivae mkono wa gauni unaobana wala lastiki. Kitambaa chenye mapambo na shingo iliyokatwa juu kidogo hutuliza wasiwasi ukiinama.

22. Mkojo unanitoka nikicheka au nikikohoa. Naogopa kuvaa rangi nyepesi.

Sketi au suruali ya mpira kiunoni, inayoshuka haraka. Gauni lenye maua mengi ya rangi iliyokolea. Chupi ya pamba ya ziada kwenye mkoba. Nguo zilizounganika juu na chini ziache. Zaidi ya yote nenda hospitali, wala usiambiwe ni uzee tu: mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, huwasaidia wengi.

23. Mama alipata kiharusi. Kumvalisha ni vita.

Anza na mkono uliodhoofika, uingize kwanza, kisha kichwa au mgongo, mkono mzima uwe wa mwisho. Kuvua ni kinyume: mzima unatoka kwanza. Gauni lifunguke mbele hadi chini, kwapa liwe pana (hapa tu ninaenda kinyume na swali la 12), na kitambaa kivutike kidogo. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, nyuma iwe fupi ili asikalie mikunjo, mbele iwe ndefu ifunike magoti. Muulize rangi. Bado ana anachokipenda.

24. Niko kwenye eda. Lazima nivae nyeupe?

Katika eda ya mjane, miezi 4 na siku 10, linalotakiwa ni kuacha mapambo. Rangi fulani ni desturi ya familia na mahali, waulize wakubwa wa nyumba. Kwa nguo yenyewe, madera mawili ya pamba yasiyo na nakshi yanatosha, yakatwe kwa vipimo vyako halisi ili baadaye uyavae kama kawaida.

25. Bibi yetu ana gauni moja kuukuu, limechanika, na hataki kuvaa jingine. Tumemnunulia mengi.

Muulize analipendea nini, utapewa jibu la fundi: halimbani kwapani, mfuko uko hapa, linapita kichwani bila kusumbua. Likiwa limefuliwa mlete fundi, asilifumue. Fundi analigeuza ndani nje, analilaza, anapima mshono kwa mshono na kutoa ramani kwenye karatasi. Tafuta pamba ya uzito ule ule, ioshwe kwanza ilainike na kusinyaa kabla haijakatwa. Shona moja, alivae, arekebishiwe, ndipo mshone mengine mawili kwa ramani hiyo hiyo. Lile la zamani msilitupe kabla mapya hayajaanza kuchakaa.